Kurasa Thelathini na Mbili za Kwanza

Kwako Baba,

Sitakuuliza hali. Nilikuwepo ulipozikwa, na tangu siku hiyo sijaona sababu ya kudhani kuna mabadiliko. Nakuandikia kwa jambo moja. Jumamosi iliyopita nilikaa katika duka la Mzee Salim, mbele ya wenzako watatu, nikawaambia kwamba hukuwahi kuwa mtumishi wa chumbani wa mtu yeyote. Nimeona ni haki ulisikie kutoka kwangu pia.

Barua hii naiacha wazi. Watu wengine wataisoma, kwa hiyo nivumilie nikieleza mambo unayoyajua kuliko mimi.

Nimechoka, Baba. Miaka thelathini na moja nimeandika habari za ajali, za mahakama, za mahindi yaliyooza stoo na za mikutano ya kaunti iliyoahirishwa. Ofisi ya gazeti letu hapa Nakuru imefungwa. Sasa natuma habari kwa simu nikiwa mezani kwako, kwenye kiti chako ambacho mguu mmoja bado unacheza. Ulisema utaukaza. Mimi pia nimesema hivyo mara kadhaa.

Vitabu vyako viko mbele yangu, vyote saba. Ni vya Kiingereza, vya zamani, vya kuchekesha. Kuna bwana kijana wa Uingereza, tajiri, mkarimu, mwenye kichwa chepesi, na kuna mtumishi wake wa chumbani, mtu mtaratibu anayemvisha, anayemletea chai na kumtoa kwenye kila shida anayojitia. Bwana anatumbukia, mtumishi anamvuta, bwana anajipangusa vumbi akiamini ametoka mwenyewe. Niliwahi kukuambia kwamba vitabu vyote saba vinaingia katika sentensi hiyo moja. Ulinijibu bila kuinua macho: "Hata mwaka ni mvua na kiangazi tu. Kwani umeacha kuangalia nje?"

Mzee Salim unamkumbuka vizuri kuliko mimi. Familia yake ilitoka pwani zamani, lakini yeye alizaliwa Bondeni, mtaa wa hapa Nakuru, na anashona Bondeni. Ulimpelekea koti lililopasuka bitana, na mfukoni umesahau kitabu. Alikitoa ili apime, akakifungua, akakaa. Uliporudi jioni koti lilikuwa halijaguswa, na badala ya kuomba radhi alikuuliza, "Huyu mtumishi, mzee, ana mke?" Hivyo ndivyo mlivyoanza. Kisha akaja Mwalimu Chebet kushonesha sketi, akawakuta mnacheka, akataka kujua ni nini. Alipostaafu akarudi kwao Keringet, lakini hakuacha kuja kila Jumamosi, na mfuko wa viazi kwa kila mmoja wenu. Wa mwisho alikuwa Faith, nesi, mdogo wenu kwa miaka arobaini, aliyeleta yunifomu ipunguzwe akaishia kuazima kitabu cha pili.

Kila Jumamosi, saa nane mchana, Mzee Salim alifunika cherehani, akafagia vipande vya kitambaa, mkakaa. Chai ilitoka kwenye thermos ya Mwalimu. Nilikuwa nikija kukuchukua jioni, nakusubiri mlangoni, nasikia. Mlibishana juu ya watu wasiokuwepo kama vile wamepanga nyumba ya jirani. Na kila ubishi uliishia kwako, kwa sababu wewe peke yako, kwa maneno yako, ulikuwa umeifanya kazi hiyo. Miaka sita, Gilgil, katika nyumba ya setla mmoja wa Kizungu. "Haya mambo sikuyasoma," ulikuwa ukisema. "Niliyafanya."

Ubishi mkubwa ulikuwa mmoja, na haukuisha. Mwalimu alishikilia kwamba mtumishi anamdharau bwana wake.

"Angalia hapa," alisema siku moja, kidole juu ya ukurasa. "Anajibu ndiyo bwana, na macho yako dirishani. Mimi nimefundisha, naijua ndiyo mwalimu ya dharau."

"Hamdharau," ulisema. "Anamlisha."

"Anamlisha nini, mtu mzima huyu?"

Ukainua vidole viwili, cha shahada na cha kati, ukavielekeza chini kana kwamba kuna ndoo sakafuni. "Usimsukume kichwa. Ukimsukuma atakupiga teke. Mpe vidole viwili, avifuate mwenyewe, polepole, mpaka midomo iguse maziwa. Atadhani ameyapata yeye. Kesho atakuja bila kuitwa. Hiyo ndiyo kazi ya mtumishi, Mwalimu. Dharau ni ya mtu ambaye hana la kufanya."

"Na wewe bwana wako ulimpenda?"

"Nilimfahamu. Hiyo inatosha kazi."

"Haya," Mwalimu akasema, akifungua thermos. "Wewe ulikuwepo."

Sote tulichukulia vile vidole kuwa mfano tu. Mimi pia, ambaye kazi yangu ni kuuliza mtu amelijuaje jambo.

Kisha kuna kile kitabu cha jalada la kijani. Kinaanzia ukurasa wa thelathini na tatu. Uliwaambia kwamba kurasa za mwanzo ziliraruliwa na mbwa wa bwana, wakaamini. Katika ukurasa wa thelathini na tatu ni mchana, bwana bado yuko kitandani, mtumishi amesimama mlangoni na trei, na hakuna anayejua kwa nini bwana hajaamka. Basi mkajiwekea desturi. Kila mwaka, Jumamosi ya kwanza baada ya mahindi kuingia stoo, mlikisoma hicho cha kijani, na mmoja wenu alitunga kwanza kurasa zilizokosekana. Mzee Salim alisema bwana amemkimbia fundi aliyempima suruali mara tatu. Mwalimu aliandika kurasa kumi na moja, kila mkato mahali pake, bwana akiwa amegoma mpaka mtumishi akubali kuketi. Faith alimpa homa ya matumbo na kumtoa damu ya kupima.

Na kila mwaka ulinigeukia pale mlangoni. "Zamu yako lini?"

"Mimi situngi, Baba. Naripoti."

"Basi ripoti."

Sasa nifike mahali ambapo ningependa kupita haraka. Nilikuwa na miaka arobaini na tano. Nilikuwa nimetoka kazini wiki mbaya, nikakukuta unacheka mpaka umetoa miwani. Ulikuwa umesoma mahali mtumishi anaondoa soksi ambazo bwana anazipenda. Nikakuuliza, mbele ya Mzee Salim, kama huoni aibu. Nilisema: "Ulimvua mzungu viatu miaka sita, na leo unakaa hapa ukicheka utumwa wako." Mzee Salim aliinama kutafuta sindano ambayo haikuwa imeanguka.

Ulivaa miwani. Ukasema, "Sijawahi kumcheka mtumishi. Soma tena." Halafu ukarudi kwenye ukurasa.

Neno moja tu lingenimaliza. Ungesema: mimi sikumvua mtu viatu. Hukulisema siku hiyo, wala siku nyingine yoyote, ingawa nilikaa miezi bila kuja kukuchukua na ulikuwa ukitembea mwenyewe kurudi nyumbani.

Mwezi uliopita Faith alinipigia. Walitaka kuweka meza ndogo katika ukumbi wa kanisa, siku ya usomaji wa vitabu: vitabu vyako saba, picha yako, na karatasi ya maelezo. "Madam, wewe ndiye mwandishi," alisema. "Tuandikie tu ile ya Gilgil. Mtumishi wa kweli aliyesoma habari za mtumishi wa kitabuni. Watu watapenda hiyo sana." Nikakubali. Ilikuwa kazi ya dakika ishirini.

Lakini sijawahi kuandika kitu ambacho sina vyanzo viwili, na nilipokaa kuandika niligundua nina chanzo kimoja, nacho ni wewe.

Nikafungua sanduku lako la bati kutafuta picha. Chini ya cheti cha ubatizo kulikuwa na bahasha, na ndani yake barua ya sifa, nusu ukurasa, kwa Kiingereza, mwandiko wa mke wa yule setla. Nimeisoma mara nyingi, naweza kuitafsiri bila kuitazama. Inasema umewalelea ndama wao kwa miaka sita. U mpole, mwaminifu, hujawahi kulewa kazini, na una mkono mzuri kwa ndama dhaifu. Inasema uliomba mara mbili kazi ya ndani ya nyumba, lakini hapakuwa na nafasi.

Hicho kikawa chanzo cha kwanza. Kwa cha pili nilikwenda Gilgil.

Mzee Ndirangu, mliyefanya naye kazi shambani, bado yupo, nyuma ya maduka yaliyo kando ya barabara kuu. Sikio moja limekufa, la pili linachagua. Nilimwambia mimi ni binti yako. Alinishika mkono muda mrefu, akaniuliza kama ulikufa kwa uchungu, nikamwambia hapana. Ndipo nikamuuliza habari za kazi yako chumbani kwa bwana.

"Chumbani?" Alicheka mpaka mjukuu wake akaja kumpiga mgongoni. "Chumbani tuliingilia mlango gani? Sisi bustani yenyewe hatukukanyaga. Tulikuwa na ndama, mimi na baba yako. Ng'ombe wa gredi, wa kizungu. Ndama akizaliwa anaondolewa kwa mama, unamfundisha kunywa kwa ndoo." Akainua vidole viwili, cha shahada na cha kati, akavielekeza chini. "Hivi. Unachovya, unampa anyonye, unamshusha polepole. Baba yako alikuwa anawaongelesha. Anawaita bwana. Bwana, karibu. Bwana, usinikanyage."

Niliacha kuandika kidogo. Kisha nikamuuliza habari za vitabu.

Akanieleza. Maziwa ya ndama yalipashwa moto katika banda, kwenye debe. Siku moja nyumba kubwa ilisafisha stoo, na memsaab, mke wa bwana, akatuma mzigo wa magazeti na vitabu vilivyoota ukungu, viwe vya kuwashia. Moto ulikuwa zamu yako.

"Anachana, anatia. Anachana, anatia. Mimi nimeshika ndama, sioni vizuri. Mara nasikia kimya. Nageuka, moto umekufa, na baba yako amesimama na kile kitabu mkononi. Nikamwambia, wewe, maziwa! Unajua alinijibu nini?"

"Alijibu nini?"

"Alisema, ngoja kwanza huyu mtu aamke."

Ulikuwa umeacha shule darasa la sita. Mzee Ndirangu anasema ilikuchukua siku tatu kumaliza ukurasa ule, na kila neno lililokushinda ulimfuata karani wa shamba na kumuuliza mpaka akawa anajificha. Maziwa yalipoa siku hiyo, ndama wakanywa baridi, wakaharisha. Mnyapara alikutoa kwenye moto akakupa kazi ya kuzoa samadi mwezi mzima. Vitabu vilivyosalia ulivibeba ndani ya gunia la pumba, vyote saba, kikiwemo kile ulichokwisha kukichana mwanzo.

Kwa hiyo hapakuwa na mbwa. Kurasa thelathini na mbili ulizichoma wewe.

Nilirudi Nakuru nikakaa na daftari siku nne. Ningeweza kuandika ile ya Faith. Hakuna ambaye angeuliza, na aliyebaki wa kupinga ni mzee wa sikio moja huko Gilgil. Kwa upande mwingine, nimewahi kumkatalia mbunge, nimemkatalia mhariri, nimemkatalia askofu. Sikuona jinsi ya kukukubalia wewe halafu niendelee kujiita nilivyojiita. Lakini nilijua pia ninachokwenda kuvunja. Ulikuwa neno la mwisho la watu watatu kwa miaka kumi na moja.

Jumamosi ilikuwa ile ya kitabu cha kijani. Mahindi yalikuwa yameshaingia. Nilifika saa nane, na kwa mara ya kwanza sikusimama mlangoni. Nilikaa kwenye benchi, mahali pako, chini ya makoti. Niliwasomea barua ya memsaab. Kisha nikawasomea daftari langu la Gilgil, mwanzo mpaka mwisho, bila kuongeza kitu.

Faith alikuwa wa kwanza. "Aki, mzee! Kwa hivyo miaka yote ametuchezea?"

Mwalimu Chebet hakuchukulia hivyo. Alisimama, akakaa, akasimama tena. "Miaka kumi na moja," alisema. "Miaka kumi na moja nafungua mdomo, ananiambia yeye alikuwepo. Kumbe alikuwepo na ndama!"

"Mimi nilijua," alisema Mzee Salim.

Tukamgeukia sote.

"Ulijua nini wewe?" Mwalimu akauliza.

"Siku ile ya koti. Aliniletea limekunjwa kama gunia. Mtu aliyeshika makoti ya bwana miaka sita hakunji hivyo, hata akiwa amelala. Mikono haisahau."

"Na ukanyamaza!"

"Ningesema nini, Mwalimu? Ningemwambia wewe si mtumishi, angefunga kitabu aende zake. Mimi nilitaka kujua kama yule bwana ataoa."

Mwalimu alianza kufunga thermos yake, kifuniko kikamkataa. Akajaribu tena. "Mimi sikatai kudanganywa," alisema, na sauti haikuwa ya hasira sasa. "Watu wazima wanadanganyana. Nakataa kushindwa kwa njia hiyo. Kama angeniambia ni ndama, ningemjibu. Nilikuwa na jibu."

Nje mtu alikuwa akipigania kuegesha mkokoteni. Nilifikiri: basi, nimeumaliza mkutano wao, na nilihisi uchovu ule unaokuja baada ya kutuma habari sahihi ambayo haitamfaa mtu.

Ndipo Faith akauliza, "Na vile vidole? Ile ya usimsukume kichwa?"

"Ilikuwa ya ndama," nikasema.

"Yote?"

"Yote."

Mwalimu aliiweka thermos chini. Alichukua kitabu cha kijani, akafungua pale kinapoanzia, akasoma kimya, midomo ikisogea. Nilimwona akiinua vidole viwili, akavitazama, akavishusha.

"Bado ni dharau," alisema mwishowe. "Na shauri hili halijaamuliwa."

"Halijaamuliwa," Mzee Salim akakubali.

"Basi nalifungua upya. Jumamosi ijayo, na mtu asiniambie alikuwepo." Akamimina chai, kikombe cha kwanza akanipa mimi. "Leo tumekuja kwa mwanzo. Zamu ya nani?"

Faith alitazama karatasi iliyobandikwa nyuma ya cherehani. Zamu ilikuwa yako. Uliandikwa mwaka juzi na hakuna aliyekufuta.

Nikasema nitaichukua mimi. Sikuwa nimetunga kitu. Nilifungua daftari palepale nilipokuwa nimefunga, nikasema:

"Asubuhi moja Gilgil, katika banda la ndama, kijana mmoja alikuwa akiwasha moto kwa kurasa za kitabu. Alichoma ya kwanza mpaka ya thelathini na mbili. Katika ile iliyofuata kulikuwa na mtu kitandani, na kijana akataka kujua kama mtu huyo ataamka."

"Hizo ni sentensi tatu," alisema Mwalimu. "Wenzako tuliandika kurasa."

"Ndizo nilizo na uhakika nazo."

Akavaa miwani, akaanza kusoma ukurasa wa thelathini na tatu kwa sauti, na Mzee Salim akacheka kabla ya mahali pa kucheka, kama kawaida yake.

Karatasi ya meza nimeiandika, Baba. Inasema ulilea ndama Gilgil miaka sita, uliomba kazi ya ndani mara mbili ukakosa, na ulijifunza kusoma vitabu hivi kwenye moto uliokusudiwa kuviteketeza. Sikuandika kwa nini ulisema ulikuwa mtumishi. Sijui. Sikukuuliza ulipokuwa hai, na dhana yangu haina chanzo cha pili.

Lile neno nililokuambia mbele ya Mzee Salim nalifuta. Gazetini tungeliita masahihisho, tungeliweka ukurasa wa pili, chini, kwa herufi ndogo. Halikuwa kweli, na hata lingekuwa kweli sikuwa na ruhusa ya kulisema. Nimesoma tena kama ulivyoniagiza, vyote saba. Uko sahihi. Mtumishi hachekwi hata mara moja.

Mguu wa kiti nitaukaza wiki hii. Wewe pumzika. Maziwa yalipoa, lakini hakuna ndama aliyekufa. Nilimuuliza Mzee Ndirangu mara mbili.

Ni mimi binti yako,
niliyekuwa nikisubiri mlangoni.